NCLEX kwa nesi aliyesomea Kenya: acha wodi ya kwenu mlangoni

Nianze na aibu yangu ndio tuelewane. NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi Marekani, nimefanya mara mbili. Mara ya kwanza niliingia kifua mbele, miaka saba wodini, mingi yake leba, nimezalisha usiku stima imepotea na nimeshika tochi kwa mdomo, sasa mtihani wa kompyuta ndio unishinde? Ukanishinda. Mashine ilinipeleka mpaka swali la 150 alafu ikazima tu, na baada ya siku kadhaa nikajua nimeanguka. Nilikaa wiki nzima sitaki kushika simu ya mtu.

Nilipotulia nikagundua kitu: sikuanguka juu sijui uuguzi, nilianguka juu nilikuwa najibu kama niko wodi ya kwetu, nesi mmoja wagonjwa arobaini, daktari yuko mbali, glavu za kuhesabu. Huo mtihani unakuuliza kuhusu hospitali nyingine kabisa, hospitali ambayo ata hapa Marekani sijaiona, yenye kila kitu, kila mfanyakazi, na wewe una mgonjwa mmoja tu wa kufikiria kwa hiyo dakika. Ukishaielewa hiyo hospitali ya kwenye karatasi, nusu ya kazi umemaliza.

Makaratasi nitapita haraka juu kila jimbo lina mambo yake. Chagua jimbo kwanza, soma masharti ya bodi yao ya uuguzi wewe mwenyewe, usitegemee ya binamu aliyeomba jimbo lingine. Mara nyingi watataka shule yako na Nursing Council of Kenya watume rekodi zako moja kwa moja kwa wale wakaguzi wa vyeti, na hapo ndipo miezi inapotelea, kwa hivyo anza mapema na upigie chuo simu bila kuona haya. Mtihani wenyewe ni dola 200 unalipa Pearson VUE, kampuni inayousimamia. Ukiruhusiwa unapata barua ya ruhusa ya kufanya mtihani inaitwa ATT, na hio barua ina saa yake, mara nyingi ni siku 90, haiongezwi, ikiisha unalipa upya. Usikimbilie kuipata kama bado hujaanza kusoma.

Alafu majina. Sisi tuna majina matatu, na wengine wameolewa katikati ya safari. Jina kwenye ATT na jina kwenye kitambulisho utakachobeba lazima yafanane, kama pasipoti inasema hivi na ulijiandikisha vile, utarudishwa mlangoni na pesa imeenda. Jiandikishe kwa jina la pasipoti tangu siku ya kwanza, nimemaliza hapo.

Sasa mtihani unafanyaje kazi. Ni kompyuta inayokupima ikikufuata: ukijibu vizuri swali linalofuata linakuwa gumu, ukikosea linashuka. Maswali ni kuanzia 85 mpaka 150, masaa matano na mapumziko yakiwa ndani, na 15 kati ya hayo ni ya majaribio hayahesabiwi ila hutayajua ni yapi. Mashine inasimama ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au uko chini. Kwa hivyo kusimama 85 si kufaulu na kufika 150 si kuanguka, kuna watu wengi tu wamefaulu na 150, mi niliangukia hapo lakini hio ni yangu. Na huwezi kurudi nyuma. Ukishabonyeza umebonyeza, kwa hivyo ile tabia ya kuruka gumu uje ulirudie mwisho, sahau.

Tangu Aprili 2023 kuna huu mtindo mpya wanaouita Next Generation. Utapata visa vya wagonjwa, visivyopungua vitatu, kila kimoja na maswali sita, unapewa faili la mgonjwa lenye maandishi ya nesi, vipimo vya maabara, presha na joto la saa mbili asubuhi alafu la saa sita mchana. Siri hapo ni kulinganisha. Usisome namba moja moja, angalia nini kimebadilika. Presha ilikuwa 128 sasa ni 94, mapigo yalikuwa 82 sasa 118, mkojo umepungua, hio ni hadithi tayari, huyo mama anavuja damu mahali hata kama hakuna aliyeandika neno damu. Maswali sita yanakupeleka hatua kwa hatua: umeona nini, inamaanisha nini, lipi la kuogopa zaidi, utafanya nini, utaanza na lipi, na imesaidia ama haijasaidia. Kusema kweli sisi wa leba hapa tuko vizuri, ni kitu tunafanya kila siku bila kukiita jina.

Yale maswali ya chagua yote yanayofaa, SATA, zamani ukikosa moja umekosa yote. Siku hizi unapata alama kwa kila jibu sahihi na unapunguziwa kwa kila jibu baya, ila haishuki chini ya sifuri. Maana yake usibonyeze kwa kubahatisha ati ujaze. Kila mstari uulize peke yake, ndio au hapana, kama vile yale mengine hayapo.

Haya, tuje kwa kitu kilichoniangusha, nani kwanza. Sehemu ya usimamizi wa huduma ndio kubwa kuliko zote, asilimia kama 15 mpaka 21 ya mtihani. Chukua mfano huu nimetunga mwenyewe: una wagonjwa wanne, mmoja amefanyiwa upasuaji wa tumbo jana anasema maumivu ni nane kwa kumi, wa pili ana kisukari sukari ni 210, wa tatu ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake ni 90, wa nne ametolewa tezi la shingo jana na anasema midomo inamwasha kama sindano sindano. Kwetu ningekimbilia anayelia. Huyo wa maumivu anaumia kweli lakini ni maumivu uliyoyatarajia, sukari ya 210 haimuui leo, mwenye COPD 90 ndio kawaida yake. Wa kuona kwanza ni huyo wa midomo, ambaye hata halii, juu kalsiamu inashuka na koo linaweza kujifunga. Kwa hivyo jiulize: hii nilitarajia kwa ugonjwa huu au sikutarajia? Ambayo hukutarajia inashinda. Ya ghafla inashinda ya miaka. Njia ya hewa, kupumua, damu, alafu ndio mengine.

Na kumpigia daktari. Kuna wanaosema jibu la "piga simu kwa daktari" huwa si sahihi kamwe, hio si kweli. Kanuni yangu ni hii: kuna kitu naweza kufanya sasa hivi kwa mikono yangu kikamsaidia huyu mtu? Kama kipo nifanye kwanza. Mgonjwa anaongezewa damu, akaanza kutetemeka na mgongo unauma, unasimamisha damu kwanza, unabadilisha mpira wote na kuweka salini, ndio unapiga simu. Lakini kama umeshafanya yote na hali inazidi, piga, usiendelee kumpima presha kila dakika ati unafuatilia.

Kugawa kazi ndio ilikuwa vichekesho kwangu. Kwetu unamgawia nani, mama ya mgonjwa? Hapa kuna ngazi tatu: RN, nesi kamili, yaani wewe, LPN, nesi wa ngazi ya chini yako, na msaidizi. Kutathmini mgonjwa mara ya kwanza, kumfundisha mara ya kwanza, na kuamua kama matibabu yamefanya kazi, hizo hazitoki mkononi mwako. LPN anachukua mgonjwa aliyetulia na anaweza kurudia mafunzo uliyokwisha kutoa. Msaidizi anaogesha, anatembeza, anapima presha ya mtu aliyetulia, analisha, lakini si mtu aliyepata kiharusi juzi na kumeza bado ni shida. Mi nilikuwa nafanya CNA, yaani huyo msaidizi, kwenye nyumba ya wazee shifti ya usiku, na mara ya pili hio kazi ilinisaidia, nilikuwa najiuliza tu, hii wangenituma mimi?

Dawa sasa. Tumesoma majina ya Uingereza, wao wana yao, na mtihani unatumia jina la dawa lenyewe si la kampuni. Parasetamoli ni acetaminophen, salbutamoli ni albuterol, adrenalini ni epinephrine, pethidini ni meperidine, glibenclamidi ni glyburide. Andika kwa ukuta wa jikoni. Sukari pia, tumezoea mmol, wao mg/dL, zidisha kwa 18, kwa hivyo 4 yetu ni 72 yao. Usikariri dawa elfu, shika makundi, mwisho wa jina ukuambie ni nini, na zile chache hatari uzijue kama jina la mama yako: digoxin ya moyo unahesabu mapigo kwa kifua dakika nzima na chini ya 60 kwa mtu mzima hutoi, lithium kiwango kwenye damu ni 0.6 mpaka 1.2, warfarini ya kuzuia damu kuganda INR, kipimo cha kuganda, ni 2 mpaka 3 na dawa yake ya kuokoa ni vitamini K, ya heparini ni protamini, potasiamu haisukumwi kwa mshipa na sindano hata siku moja. Magnesiamu na dawa yake ya kuokoa, calcium gluconate, hio unajua tayari, angalau kuna mahali tumetangulia. Malaria uliyoijua mpaka ndotoni haitakusaidia sana, pole.

Kutenga wagonjwa ni alama za bure, usiziachie. TB, surua na tetekuwanga ni za hewani, barakoa ya N95 na chumba cha hewa ya kuvutwa ndani. Mafua makali, kifaduro na meninjaitisi ya meningokoka ni za matone. C. diff, bakteria wa kuharisha, unaosha mikono kwa sabuni na maji, ile ya pombe haiui.

Kusoma kwenyewe: mara ya kwanza nilisoma madaftari miezi sita, nikapaka rangi kila ukurasa, nikafanya maswali wiki mbili za mwisho tu. Kinyume kabisa. Mara ya pili nililipia benki ya maswali, nikafanya maswali 60 kwa siku nikitoka shifti na kulala, miezi minne. Kujibu ni saa moja, kusoma maelezo ni masaa mawili, na usome hata ya uliyopata juu mengine umepata kwa bahati. Nilikuwa na daftari dogo la makosa, siandiki swali, naandika kwa nini nilikosea: "nilidhani niko kwetu", "sikusoma neno kwanza", "nilibadilisha jibu". Baada ya mwezi utaona kosa ni lile lile linarudi limebadilisha nguo. Asilimia zako za mwanzo zitakuwa mbaya, usiwaonyeshe watu.

Kama umeanguka, lile karatasi wanakutumia linalosema juu, karibu au chini ya mstari kwa kila sehemu, usilitupe kwa hasira kama nilivyotaka. Langu lilisema chini kwa usimamizi na dawa, nikaanzia hapo. Unasubiri siku 45 kabla ya kurudia, na bodi zingine zina masharti zaidi.

Siku yenyewe fika nusu saa mapema, watakupiga picha, watapima kiganja, simu na saa zinafungiwa. Mapumziko ya kwanza yanatolewa baada ya masaa mawili, chukua, kunywa maji, nenda msalani, hata kama unajiona uko sawa. Ukimaliza kuna ule mchezo wa kujaribu kulipia mtihani tena ili uone kama mfumo utakukataa, watu wanausifu, mwenzangu aliujaribu na kadi yenye pesa na dola 200 zikaenda. Subiri siku mbili za kazi, lipa dola 7.95 za matokeo ya haraka kama jimbo lako linayo, na usifungue ukiwa kazini. Mi nilifungua ndani ya gari asubuhi baada ya shifti, nikapiga honi bila kujua, mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza akafungua dirisha kuniuliza kama nimegonga kitu.