SOMO: Jinsi ya kujua mechi ipi itaonyeshwa mubashara, na kwa nini uliyoisubiri Jumamosi imepelekwa Jumatatu

Habari za humu wakuu.

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Nasimamia banda la kuonyesha mpira Mwanjelwa, Mbeya, na swali ni lilelile kwenye simu, kwenye meseji, hata nikiwa sokoni nanunua viazi: "Mbona ratiba inasema Jumamosi na nyie mmeandika Jumapili?" Wapo wanaoamini mwenye banda ndiye anayechagua mechi. Mwenye banda anapokea tu. Wanaochagua wana utaratibu wao unaofahamika, na ukiuelewa utaanza kubashiri mwenyewe mechi ipi itahamishwa na ipi itabaki ilipo.

Hatua ya 1. Jua nani ana haki za matangazo. Ligi Kuu England kwa nchi zetu za kusini mwa Sahara ni SuperSport, ndani ya DStv. Ligi Kuu ya NBC, yaani ligi yetu ya Tanzania, ni Azam. Asiye na haki haonyeshi, hata umbembeleze.

Hatua ya 2. Chukua ratiba ya mwanzo wa msimu, iandike kwa penseli.

Hatua ya 3. Subiri runinga za Uingereza zichague.

Ratiba ya England inapotoka, karibu kila mechi ya mwisho wa wiki imepangwa Jumamosi saa 9 alasiri kwa saa za kule. Baada ya hapo wanaingia wenye fedha, runinga za kulipia za kule, Sky na TNT Sports. Mkataba ulioanza msimu wa 2025/26 na kuishia 2028/29 una thamani ya pauni bilioni 6.7. Ndani yake Sky anaonyesha mechi zisizopungua 215 kwa msimu na TNT Sports anaonyesha 52, kati ya mechi 380 za ligi nzima. Mwaka 1992, ligi hiyo ilipoanza, Sky alikuwa anaonyesha 60 tu kwa msimu. Kila mechi wanayoitaka kwa muda wao lazima itolewe pale kwenye saa 9.

Haki zinauzwa kwa mafungu, na kila fungu lina muda wake. TNT ana Jumamosi saa 6:30 mchana, saa za kule. Sky ana Jumamosi saa 11:30 jioni, ana Jumapili, na ana usiku wa Ijumaa na Jumatatu. Halafu kuna zamu: mwenye chaguo la kwanza anachukua mechi anayoitaka, anayefuata anachagua katika zilizobaki, hivyo hivyo hadi mwisho. Mechi nono ndiyo maana unakutana nayo mara nyingi Jumapili saa 10:30 jioni ya kule.

Wanachotazama ni mbio za ubingwa, vita vya kushuka daraja, dabi, na timu zenye mashabiki wengi. Ila hawachagui wanavyotaka bila breki. Timu iliyocheza Ulaya Alhamisi hupelekwa Jumapili ipumzike. Timu yenye mechi ya Ulaya Jumanne huwezi kuikuta Jumatatu. Polisi nao wana neno, ndiyo maana dabi kali nyingi hupigwa mapema mchana. Na klabu inalipwa kila mechi yake inapoonyeshwa kule nyumbani, kwa hiyo ndogo nazo hazikubali kuachwa gizani.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Uingereza kwenyewe, Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni, hakuna runinga inayoruhusiwa kuonyesha mpira mubashara. Katazo hilo ni la tangu miaka ya 1960, na aliyelipigania zaidi ni Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley. Hofu yake ilikuwa kwamba watu wangekaa nyumbani kutazama timu kubwa, na viwanja vya timu za madaraja ya chini vingebaki na nyasi na waamuzi. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nao wana kanuni inayoruhusu kila nchi kutenga saa mbili na nusu za namna hiyo. Katazo linahusu nchi ile tu. Kamera ziko kwenye mechi zote 380, na picha inatumwa nje. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi saa 9 ambayo mtu wa Burnley haioni sebuleni kwake, wewe Mwanjelwa unaiona. Mtu akikwambia "hii haionyeshwi" kwa sababu kasoma kwenye ukurasa wa Waingereza, muulize haionyeshwi wapi.

Niseme na langu hapa. Utaratibu huu unamtunza mtazamaji na kumsahau anayekwenda uwanjani. Shabiki wa Newcastle amekata tiketi ya treni kwenda London Jumamosi, kisha mechi inahamishiwa Jumatatu usiku, na Jumanne ana kazi. Naipenda biashara hii na inanilisha, lakini huyo mtu anaonewa, na sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya banda tunafaidi makelele anayoyalipia yeye.

Hatua ya 4. Badilisha saa. Hapa msome polepole.

Waingereza husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Kuanzia Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba unaongeza saa 2. Kuanzia hapo hadi mwishoni mwa Machi unaongeza saa 3. Aprili na Mei unarudi kwenye 2. Mechi yao ya saa 9 alasiri, Septemba inaanza kwetu saa 11 jioni, Desemba inaanza saa 12 jioni. Ya Jumatatu saa 2 usiku, Septemba ni saa 4, Desemba ni saa 5, na bodaboda wa kukurudisha Uyole kwenye mvua hiyo umtafute mapema.

ONYO LA KWANZA: Wiki yenyewe ya mabadiliko, Jumamosi na Jumapili hazifanani. Saa zinasogezwa usiku wa kuamkia Jumapili. Mwishoni mwa Oktoba, mechi ya Jumamosi unaongeza 2, ya kesho yake unaongeza 3. Mabanda mengi hufungua saa moja kabla na wateja wanaanza kudai kiingilio chao wakiamini wamedanganywa.

ONYO LA PILI: Msiamini picha za ratiba zinazozunguka WhatsApp. Aliyeitengeneza yuko wapi? Mabango mengi ya SuperSport huandikwa kwa saa za Afrika Kusini, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja. Ya Nigeria yako nyuma kwa saa mbili.

ONYO LA TATU: Usiandike ubao kwa kalamu ya kudumu kabla mechi za kombe hazijaisha. Timu ikifika fainali ya Kombe la Ligi, mechi yake ya ligi ya wiki hiyo inageuka kiporo, inasubiri kupangiwa siku nyingine.

Hatua ya 5. Siku yenyewe, bonyeza rimoti uone mwongozo wa chaneli. Jumamosi zinapopigwa mechi kadhaa kwa wakati mmoja, SuperSport wanazigawa kwenye chaneli tofauti, na kifurushi cha chini hakina chaneli zote. Asikudanganye mtu kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Na kama unatoza kiingilio, lipia kifurushi cha biashara, usitumie cha nyumbani.

Hatua ya 6. Ligi yetu.

Hapa mambo ni tofauti kwa sababu mwenye haki ni mmoja. Mei 2021 shirikisho letu la soka, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Timu 16 zinatoa mechi 240 kwa msimu. Azam hashindani na mtu kuchagua, anachotafuta ni mechi zisigongane. Ndiyo maana Bodi ya Ligi inazitawanya siku nyingi: moja mchana, moja saa 10 jioni, nyingine usiku kwenye viwanja vyenye taa. Gari la matangazo nalo haliruki. Likiwa uwanja wa Sokoine hapa Mbeya leo, kesho haliwezi kuwa Bukoba.

Viporo vyetu vingi vinatokana na Simba na Yanga kucheza mashindano ya CAF, yale ya klabu za Afrika. Lakini hata bila CAF, msiape. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa siku hiyohiyo, ikachezwa Juni 25.

Maswali karibu, ila someni kwanza.

---

Kijana wa Kabwe: Somo refu mkuu. Kwa hiyo Jumamosi mnaonyesha mechi gani?

Mwandishi: Hatua ya 5. Ubao uko mlangoni.

Mama Duka Uyole: Asante kwa somo kaka. Mwanangu ananiuliza, mbona siku ya mwisho ya ligi mechi zote zinaanza pamoja wakati runinga zingependa zipishane?

Mwandishi: Mama, mwambie mwanao ameuliza swali zuri kuliko wanaume wengi wa hapa. Siku hiyo runinga hazina usemi, haki ya mashindano ndiyo inayotawala. Kombe la Dunia 1982, Hispania, Algeria walimaliza mechi zao za kundi. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakacheza Gijón, wote wakijua Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili wanapita wote wawili. Wajerumani wakafunga mapema, ikaisha 1-0, na muda uliobaki wakapigiana pasi. Algeria wakaaga. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi zinaanza kwa wakati mmoja. England wanafanya hivyo kwa mechi zote 10 za raundi ya 38, na kwetu huwa saa 12 jioni. Siku hiyo mwenye banda mwenye ving'amuzi viwili ndiye anayekula.

Mkali wa Mikeka: Sasa hapo mkuu tupe mechi za uhakika tubeti kabla hazijahamishwa.

Mwandishi: Sijaandika hayo popote. Mechi kuhamishwa siku haibadilishi nani atashinda. Kama una swali la ratiba uliza.

Mzee wa Soko Matola: Zamani tulikuwa tunasikiliza redioni tu na tulikuwa tunaelewa mpira. Swali langu: kwa nini Prisons na Mbeya City wakicheza wao kwa wao inapangwa katikati ya wiki, watu wako sokoni?

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Sababu ni ile ya kutawanya. Jumamosi na Jumapili hazitoshi kwa mechi nane zinazopita kwenye runinga ya mwenye haki mmoja, kwa hiyo nyingine zinamwagikia katikati ya wiki. Kwa mtazamaji wa Dar ni burudani ya jioni, kwa mfanyabiashara wa Matola ni kufunga duka. Mimi naona dabi ya mji ipewe mwisho wa wiki hata kama itabidi mechi nyingine isubiri, maana Sokoine ikijaa hata picha ya runinga inapendeza. Hili tulipeleke Bodi ya Ligi kupitia viongozi wa klabu zetu.

Mwananchi wa Mbalizi: Uongo mtupu. Azam wanapendelea Simba na Yanga, basi.

Mwandishi: Ni kweli Simba na Yanga wanapewa saa nzuri na kamera nyingi. Nani asiyejua wana mashabiki wengi? Hilo halifanyi niliyoandika kuwa uongo. Onyesha mstari wenye kosa nirekebishe.

Mhehe wa Kihesa: Naomba kuelewa zaidi. Kama wenye chaguo la kwanza wanachukua mechi kubwa, mbona Jumatatu usiku mara nyingi tunawekewa timu ndogo?

Mwandishi: Kwa sababu ya zamu na vizuizi kwa pamoja. Mpaka ifike Jumatatu, mechi nono zimeshachukuliwa kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili, na timu za Ligi ya Mabingwa zinazocheza Jumanne haziwezi kuguswa. Wanaobaki ni wale wasio na safari za Ulaya. Jaribu hivi: wiki yenye mechi za Ulaya, futa timu zote zenye mechi kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Orodha iliyobaki, ya Jumatatu mara nyingi imo humo.

Mwalimu Makambako: Nimejaribu kwa wiki mbili zilizopita na imekubali. Ligi ya Mabingwa nayo inapangwaje?

Mwandishi: Safi sana mwalimu. Kule hakuna runinga moja inayoweza kuhamisha mechi, ni UEFA wanaopanga siku na saa kwa Ulaya nzima. Nyingi zinaanza pamoja, chache zinatangulizwa jioni. Angalia siku ya mwisho ya hatua ya ligi: Januari 29, 2025 zilipigwa mechi 18 kwa wakati mmoja, saa 5 usiku kwetu. Usiku kama huo usihangaike na mechi moja. Mwongozoni tafuta matangazo yanayoruka uwanja hadi uwanja.

Fundi Dishi Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Niongeze la huku kwetu kwenye mvua. Watu wanajua mechi, wanajua chaneli, wingu likishuka kutoka Rungwe picha inagandaganda. Chukua dishi kubwa zaidi ya lile wanalokuuzia kwenye boksi, na fundi asiridhike picha ikitokea tu. Aendelee kusogeza hadi kipimo cha ubora wa mawimbi kifike juu kabisa. Kiangazi hutaona tofauti, Machi utaiona.

Mama Duka Uyole: Fundi, na waya unaopita juu ya bati?

Fundi Dishi Tukuyu: Ufunge usichezecheze na upepo, na maungio yasikae nje mama. Kama lazima yakae nje, zungushia utepe wa mpira vizuri na uache waya uning'inie kidogo chini ya ungio, maji yadondokee hapo yasiingie ndani.

Kijana wa Kabwe: Nimepita mlangoni, ubao umeandikwa saa 11. Ni saa 11 ya kwetu?

Mwandishi: Ya kwetu. Ubao wangu hauandikwi saa ya mtu mwingine.