Ndururu ya tundu: isome kabla ya kuinunua

Ukiletewa ndururu ya mkoloni, usikimbilie mwaka. Soma kwanza jina lililo kwenye duara. Senti tano hizi za Afrika Mashariki hazina sura ya mfalme, maana pale ambapo kichwa kingekaa pana tundu. Mtawala unamjua kwa taji na jina lake tu.

Za shaba nyeusi zilianza 1921, shilingi ilipochukua nafasi ya florini, zikiwa na jina la George wa Tano. Ukikuta EDWARDVS VIII, yaani Edward wa Nane, hapo tulia. Huyu alitawala ndani ya 1936 pekee, akaacha kiti mwezi wa Desemba kabla ya kutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa rasmi kwa matumizi ya watu. Huku kwetu jina lake lilinunulia watu njugu sokoni. Kwa hadithi hiyo muuzaji atakutajia bei ya kukutoa jasho. Usimpe! Ziligongwa kwa mamilioni na hadi leo zimejaa. Raha ni kukusanya seti: kwa senti kumi ya mwaka huo tafuta isiyo na herufi, yenye H na yenye KN. H ni ya Heaton, KN ni ya King's Norton, viwanda vyote viwili vya Birmingham. Herufi ni ndogo mno, basi shika lenzi, sogea dirishani, uizungushe taratibu.

Wakati wa vita, 1942 na 1943, utaona SA: ziligongwa Pretoria. Kuanzia 1949 maneno IND:IMP, yaani Kaisari wa India, yametoweka, kwani India ilikuwa imeshajitawala. Ya 1964 haina taji wala jina la mtawala. Ni ya bei rahisi, nami naipenda kuliko zote.

Nyanya yangu, muuza mahamri, alizitunga ndururu zake kwenye uzi akafunga kiunoni. Zilizotungwa hivyo huzitambua kwa ukingo wa tundu uliolainika upande mmoja. Mimi hizo nazithamini, ingawa wakusanyaji wengi huzipita.

Usizisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya kung'arisha shaba. Ule weusi ukitoka, thamani imetoka nao. Suuza kwa maji safi, kausha kabisa, hasa ukiishi pwani, kisha tia kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Mwaka na herufi andika kwenye bahasha kabla hujaitia ndani.