SOMO: Kuinua uso na shingo, kabla na baada ya kisu

Wadau, nimechoka kujibu swali lilelile inbox, nijiandae vipi na nijitunze vipi nikienda kufanyiwa upasuaji wa kukaza uso na shingo iliyolegea, naandika mara moja. Mimi ni nesi, wagonjwa wa upasuaji huu nawalaza mwenyewe.

1. Sigara, shisha, vepu: acha wiki 4 kabla. Nikotini inabana mishipa, ngozi iliyoinuliwa inakosa damu, inakufa.

2. Dawa zote unazomeza mtajie daktari, hata aspirini na za kienyeji.

3. Muulize anakaza nini. Akivuta ngozi tupu haidumu, na ndewe inavutika chini. Chini ya ngozi kuna tabaka linaitwa SMAS, madaktari Mitz na Peyronie walilieleza 1976, hilo ndo linakazwa. Shingoni wengi wanashona msuli wa platisma katikati, chini ya kidevu.

4. Saa 24 za kwanza. HAPA NILIKOSEA. Mzee mmoja usiku presha ilipanda, akaniambia nesi huku kushoto kunauma, bandeji inabana, mi nikampa ya maumivu nikamwambia ni uvimbe tu baba utashuka, kumbe damu inajaa chini ya ngozi, akarudishwa thieta usiku uleule. Bado inaniuma. Kwa hiyo shika hili: uvimbe wa kawaida uko pande zote na unakuja taratibu, damu inajaa upande mmoja, inauma, inakua haraka. Ita daktari SAA HIYO, usingoje asubuhi. Wanaume ndo inawapata zaidi. Presha ipimwe, usiiname, usijikamue chooni.

5. Nyuzi utaambiwa siku ya kutoa.

MASWALI

– Bei gani?
Somo halihusu bei.

– Shisha mara moja kwa wiki si mbaya eti?
Namba 1. Isome tena.

– Dada nesi, mi nilitoga masikio nikaota keloidi, je huku?
Umeuliza la maana mdogo wangu. Kisu kinapita mbele na nyuma ya sikio, palepale, kwa hiyo mwonyeshe daktari hiyo keloidi, yaani hilo kovu nene, kabla hajapanga chochote. Kovu likianza kunyanyuka wahi, kuna sindano za steroidi na plasta za silikoni, zinasaidia zaidi likiwa bado changa.

– Mama yangu wiki ya 3 sikio lina ganzi, kawaida?
Mara nyingi ndiyo, neva ya pale inaguswa, hisia inarudi kwa miezi. Ila mdomo ukienda upande, arudi kwa daktari leo. Na hereni nzito asivae, hatasikia ikimchana.

– Nyongeza: nunueni magauni ya vifungo mbele, ya kuvulia kichwani yanakwaruza mshono.
Asante dada, hilo nilisahau. Na mto mrefu msimwekee, unakunja shingo, inueni kitanda upande wa kichwa.