Kata mwani, utupe: kushusha nitrati na fosfati kwenye akwariamu ya matumbawe

Kazi yangu ni kutunza akwariamu za watu hapa Lubumbashi. Nyingi ni za samaki wa ziwa Tanganyika, ambao ni wa kwetu na hawana makuu. Chache ni za maji ya chumvi, zenye matumbawe, na hizo chache ndizo zinazoniletea simu. Swali huwa moja: "Papa, mawe yameota manyoya ya kijani, tutie dawa gani?"

Hakuna dawa ninayotia. Manyoya hayo yanaishi kwa nitrati na fosfati, nazo zimeingia kwa mkono wako mwenyewe, ndani ya chakula cha samaki. Samaki anakula, anajisaidia, bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Fosfati inabaki majini au inajificha ndani ya mawe. Kwingine watu wangebadilisha maji, mambo yakaisha. Kwetu kila ndoo ya chumvi ya akwariamu imetoka Johannesburg au Dar es Salaam, ikapita mpakani Kasumbalesa, ikalipiwa njia nzima. Kumwaga nusu ya tangi kila wiki ni kumwaga pesa. Ndiyo maana naotesha mwani. Chakula chake ni kile kile cha manyoya, ila wenyewe unaota pale nilipouweka na nauvuna kwa mkono.

Anza na Chaetomorpha. Ni nyuzi ngumu za kijani zilizosokotana zenyewe kwa zenyewe. Hauna mizizi, haushiki jiwe, na ukikata kipande kinaendelea kuota. Watu wengi hupenda Caulerpa kwa sababu ya majani yake mazuri na kasi yake, mimi siutaki. Kwanza unatambaa na kushika mawe, ukiingia kwenye tangi la juu, lile la matumbawe, hautoki. Pili, siku moja waweza kuamua kuzaa wote kwa pamoja: majani yanapauka na kuwa meupe kama kioo, maji yanachafuka, na kila ulichodhani umekiondoa kinarudi majini. Aina moja, Caulerpa taxifolia, ilionekana baharini kando ya Monaco mwaka 1984, ikasambaa sehemu nyingi za Mediterania. Huo si mmea wa kuchezea. Gracilaria, ule mwekundu, ni mzuri kama una samaki wala majani, lakini kwangu huota polepole.

Kuna na wanaoniuliza kuhusu mwani wa Unguja unaouzwa kwenye mifuko. Ule umekaushwa, umekufa. Hauoti tena.

Chaetomorpha husafiri vizuri ukiwa umelowa tu ndani ya mfuko, bila kujazwa maji. Ukifika, uweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya chumvi na uuchambue kwa vidole. Ndani ya nyuzi hujificha kaa wadogo, na mara nyingine Aiptasia, kile kiua cha kahawia kinachochoma matumbawe. Mimi huuchovya dakika moja hivi kwenye maji ya osmosi, yaani yaliyochujwa kwa utando, yasiyo na chumvi. Mwani unavumilia, wageni wengi hawavumilii. Kisha ndipo uingie kwenye tangi lako.

Mahali pake ni tangi la chini, lile la chujio, si pale matumbawe yanapoonekana. Tenga chumba kimoja kwa kioo au plastiki yenye matundu, kisipungue sehemu moja ya kumi ya ujazo wa akwariamu. Kikizidi ni heri. Maji yaingie kwa chini na kutoka kwa juu, ili donge la mwani lizunguke taratibu. Donge lililokwama mahali pamoja linakusanya matope, katikati linakuwa jeusi na kuoza, na hapo mwani wako unazalisha nitrati badala ya kuila.

Taa ni ya mimea: LED nyeupe ya 6500 K au ile ya zambarau ya kuoteshea miche. Usinunue dhaifu. Nimeona watu wakitumia milioni za faranga kwa taa ya matumbawe, halafu chini wanaweka balbu ya chooni na kushangaa mwani hauoti. Iwashe usiku, kwa muda wa saa 12 hadi 16, wakati taa ya juu imezimwa. Mchana matumbawe na vyote vya juu vinatumia hewa ya ukaa kwa usanisinuru, usiku vinaitoa na pH inashuka. Mwani ukifanya kazi usiku, pH haiporomoki sana.

Sasa kuvuna, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Mwani ulioota hadi ukajaa chumba haujakusafishia kitu, umehifadhi tu. Nitrati inatoka ndani ya nyumba yako siku ile umekata donge na kulitupa. Ni kama matembele: ukikata ncha yanachipua, ukiyaacha yanakomaa na kusimama. Mwani uliojaa unajizibia mwanga wenyewe, sehemu ya chini inapauka na kufa.

Mimi huvuna hivi. Nazima pampu. Nachota maji ya akwariamu kwenye ndoo, nainua donge zima kwa mikono miwili na kulitikisa ndani ya ndoo ile. Wanaanguka wadudu wadogo wenye mgongo uliopinda, wanaruka ruka chini ya ndoo. Hao ni chakula cha samaki na hurudi kwenye tangi. Matope yanabaki. Nageuza donge na kutazama upande uliokuwa chini: nyuzi zilizopauka au kulainika, zile zinazokatika zikiguswa, zote zinaondoka. Kisha nakata theluthi moja, nikiwa na kipimo kikubwa cha nitrati nakata hadi nusu, naikamua na kuipima kwenye mizani ya jikoni. Kinachobaki kinarudi kimegeuzwa: kilichokuwa chini kiwe juu.

Mizani si mbwembwe. Gramu 100 za mwani uliokamuliwa, ukizikausha, zinabaki kama gramu 10. Naitrojeni ndani yake tukikadiria ni asilimia 3, basi umetoa gramu 0.3 za naitrojeni, sawa na gramu 1.3 za nitrati. Kwenye akwariamu ya lita 200 hiyo ni karibu miligramu 6.5 kwa kila lita. Makadirio tu, mwani hutofautiana, lakini yanakuonyesha kwa nini kiganja kimoja kwa mwezi hakitoshi kwa mtu anayelisha mara tatu kwa siku.

Fosfati ndiyo inayosumbua zaidi, na wengi hawaelewi kwa nini. Mwani hauli hizi mbili kwa kipimo sawa. Mwaka 1983 Atkinson na Smith walipima mimea mingi ya sakafu ya bahari wakapata, kwa wastani, atomu 30 za naitrojeni kwa kila moja ya fosforasi. Ukigeuza kuwa namba za vipimo vyetu, mwani unapokula miligramu 20 za nitrati unachukua kama miligramu 1 ya fosfati. Sasa chukua akwariamu yenye nitrati miligramu 5 kwa lita na fosfati 0.5. Nitrati ikifika sifuri, fosfati imeshuka nusu tu, na mwani umesimama kwa njaa. Mwenye tangi anaongeza taa, anaongeza saa, hakuna kitu. Hapo tumia chembechembe za oksaidi ya chuma kushusha fosfati, kidogo kidogo, na uwape samaki chakula cha kutosha ili nitrati isipotee. Hata hivyo usitarajie haraka: mawe yaliyonyonya fosfati kwa muda mrefu huirudisha majini kila unapoishusha.

Namba ninazozitafuta ni nitrati kati ya 2 na 10, fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Sifuri siitaki. Kwenye sifuri matumbawe yanapauka, na mara nyingi unapata dinoflajelati, ute wa kahawia wenye viputo vya hewa, ambao utakufanya uyakumbuke kwa heshima yale manyoya ya kijani. Namba zikishuka mno, usiung'oe mwani wote. Punguza saa za taa. Pima siku ile ile ya wiki, kabla ya kulisha, na uandike kwenye daftari. Mwani wenyewe nao unasema: ukipauka na namba ni ndogo, una njaa ya naitrojeni au chuma, ukiwa kijani kizito lakini hauongezeki, taa ni dhaifu, ukivaa ute wa kahawia, maji hayatembei.

Mwani hauondoi haja ya kuongeza kalsiamu, magnesiamu na alkali, hayo ni mambo ya matumbawe. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, iendelee. Mwani unayapa maji rangi ya manjano, kwa hiyo weka mkaa wa chujio siku chache kila mwezi. Makaa ya kupikia hapana, hata yakioshwa.

Umeme wetu unajulikana. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hapa yanabeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko maji ya Dar. Umeme ukikatika usiku, samaki, bakteria na mwani gizani wote wanavuta oksijeni ile ile kidogo. Betri yako iendeshe kwanza pampu ya hewa, pili pampu ya maji. Taa ya mwani iwe ya mwisho. Chaetomorpha unakaa gizani siku moja au mbili bila shida, mradi maji yanatembea. Juni na Julai, usiku wa baridi, hita inaingia mbele ya taa pia.

Na shaba, kwa sababu tuko Katanga, nchi ya migodi ya shaba. Shaba inaua konokono, kamba na matumbawe kwa kiasi ambacho jicho halioni, na inaua mwani vilevile. Mashambani wanatia salfeti ya shaba kwenye mabwawa kuua mwani. Maji ya bomba au ya kisima yapite osmosi na resini hadi kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Usifunge koki ya shaba nyeupe kwenye mabomba ya akwariamu. Mteja mmoja aliweka yai zuri la malakiti katikati ya matumbawe, lile la kijani wanalochonga mafundi wetu. Malakiti ni madini ya shaba. Konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo kabla mtu hajaelewa. Tulitoa jiwe, tukabadilisha maji mengi, na mwani wote ulitupwa, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuinyonya shaba.

Mwani uliovuna kwenye tangi safi, mpe jirani mwenye akwariamu ya chumvi ambaye hana wa kuanzia. Samaki wa Zebrasoma, ambao ni wala majani, huutafuna kidogo ukiufunga kwenye kibanio, ingawa Gracilaria huupenda zaidi. Ukitaka kuutia bustanini, uoshe kwa maji mengi mara mbili tatu, la sivyo chumvi itakuulia lengalenga, yaani mchicha.