Jinsi ya kuandaa ukumbi wa zamani wa matofali ustahimili tetemeko

Mwongozo huu ni wa kamati na mafundi wenye dhamana ya jengo la jamii la zamani, iwe ukumbi, maktaba au kanisa, lenye kuta nene za matofali ya kuchoma na lisilo na nondo hata moja ndani. Jengo la namna hiyo haliwezi kufanywa lisidhurike kabisa. Linalowezekana ni kuzuia kuta zisiwaangukie watu, na fedha zikitosha, kuhakikisha jengo litatengenezeka baada ya tetemeko. Kubalianeni mapema mnataka lipi, kwa sababu gharama zake zinapishana sana.

Hesabu ni kazi ya mhandisi wa majengo. Tafuteni aliyewahi kushughulika na kuta zisizo na nondo. Aliyezoea zege tupu huwa na haraka ya kubomoa. Kama jengo liko kwenye orodha ya urithi, ombeni kibali kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

Hatua ya 1: Lisome jengo

Pima unene wa kila ukuta, kisha tazama matofali yalivyolazwa. Ukiona kozi ya vichwa, yaani mstari wa matofali yaliyolazwa kukingama ukuta ncha zake zikitazama nje, baada ya kila kozi tano au sita, aghalabu tabaka za ukuta zimeshikana. Usipoona vichwa kabisa, shuku kwamba kuna kuta mbili zenye uwazi katikati, zilizoshikwa na nyaya. Nyaya hizo huliwa na kutu bila mtu kujua. Newcastle, Australia, mwaka 1989, ambako watu 13 walikufa, nyaya zilizooza au zilizokosekana zilichangia sana kuta kuanguka.

Kwangua udongo wa kujengea kwa ufunguo. Ukimwagika kama unga, andika ni ukuta gani. Andika pia boriti za kila chumba zinaelekea upande gani. Utalihitaji hilo.

Hatua ya 2: Anzia juu

Vinavyotangulia kuanguka ni ukuta mfupi unaopanda kupita paa, dohani, na mapambo ya mbele. Christchurch, New Zealand, tarehe 22 Februari 2011, watu 185 walipoteza maisha. Takriban 40 kati yao waliuawa na majengo ya matofali yasiyo na nondo, na wengi wao hawakuwa ndani ya majengo hayo. Walikuwa barabarani au jirani. Mlango mkuu wa ukumbi, mahali ambapo watu hukimbilia kutoka, mara nyingi uko chini kabisa ya mapambo hayo.

Katika maeneo yenye matetemeko makubwa, ukuta wa juu ya paa ambao kimo chake kinazidi mara 1.5 ya unene wake unahitaji mikingamo ya chuma ya mshazari. Mikingamo hiyo ifungwe kwenye kenchi zilizofungwa tayari na ukuta. Dohani isiyotumika ishushwe hadi chini ya paa.

Hatua ya 3: Funga kuta kwenye sakafu na paa

Kama fedha zinatosha kazi moja tu, fanyeni hii. Katika majengo mengi ya zamani boriti zimelala tu ndani ya vishimo vya ukuta. Ardhi ikitikisika ukuta unaegemea nje, boriti zinachomoka, sakafu inashuka. Dawa yake ni vifungo vya chuma katika kila sakafu na paa, pande zote za jengo, visipishane zaidi ya mita 1.8.

Ninapendelea boliti inayopenya ukuta mzima, yenye bamba la chuma upande wa nje. Bamba unaliona, unaligonga, na miaka 50 baadaye mtu mwingine ataweza kukaza nati yake. Wasimamizi wa urithi wakikataa mabamba, itabidi mtumie nondo ya gundi, yaani nondo inayogandishwa kwa gundi ndani ya tundu la ukuta, na hapo ndipo kazi huharibika.

Toboa kwa keekee inayozunguka tu. Zima kabisa kugonga, maana kugonga kunapasua matofali ya kando na kufumua uso wa upande wa pili. Nondo inayobeba nguvu ya kuvutwa iingie ikielekea chini kwa nyuzi 22.5, ili ipite katika kozi kadhaa, na tundu liishie sentimita mbili au tatu kabla ya uso wa nje.

Kisha safisha, na hapa msiwe na haraka. Vumbi la tofali linaganda kwenye tundu kama poda, na gundi hushika vumbi badala ya tofali. Puliza kuanzia mwisho wa tundu, sugua kwa brashi ya waya inayobana kidogo, puliza tena, sugua tena, hadi hewa itoke safi. Kompresa isiwe inatema mafuta. Maji yasitumike ila kama maelekezo ya gundi yanaruhusu.

Ingiza soksi ya wavu kabla ya gundi. Ndani ya kuta hizi kuna mapango, na bila soksi gundi inamezwa nayo huku mdomo wa tundu ukionekana umejaa. Tupa gundi ya mwanzo mpaka sehemu zake mbili zichanganyike na rangi iwe moja, jaza kuanzia ndani kuja nje, sukuma nondo ukiizungusha. Gundi lazima ichungulie mdomoni. Isipochungulia, vua nondo, tafuta ilikopotelea. Baada ya hapo isiguswe hadi muda wake wa kukauka uishe, na kwenye baridi muda huo hurefuka.

Kabla ya kufunga zote, vuta chache za majaribio kwa jeki mbele ya mhandisi. Msichague ukuta mmoja tu; ule unaopigwa na mvua huwa dhaifu zaidi. Tazameni kilichotoka. Nondo ikija na vipande vya tofali, gundi imeshika na udhaifu ni wa ukuta. Ikichomoka laini, gundi yake imevaa vumbi jekundu, usafishaji haukufanyika, na kila tundu la fundi yule lirudiwe.

Limebaki jambo ambalo kamati niliyoisaidia mwisho ilitaka kuliruka: kuta zinazokwenda sambamba na boriti. Huko hakuna ncha ya boriti ya kufungia. Weka vipande vya mbao vya kukingama kati ya boriti kadhaa, kisha pitisha ukanda wa chuma juu yake hadi kwenye kifungo. Usitegemee ubao ulioshikizwa ukutani na kupigiliwa sakafu: huko San Fernando, California, mwaka 1971, mbao za namna hiyo zilipasuka kufuata nyuzi zake na paa zikaachana na kuta.

Hatua ya 4: Kaza sakafu na paa

Pigilia plaiwudi juu ya mbao za zamani, misumari ikaribiane kingoni kama mchoro unavyosema.

Hatua ya 5: Upande uliojaa milango

Upande wenye milango na madirisha mapana hauna ukuta wa kutosha wa kuzuia jengo lisipindike. Fremu ya chuma kwa ndani inafaa. Ninaipendelea kuliko kupaka zege ukuta mzima, kwa sababu zege huongeza uzito, na siku ya kutengeneza halitoki bila kuondoka na matofali.

Hatua ya 6: Viungo vya matofali

Kwangua udongo uliooza na ujaze upya kwa chokaa. Msikubali saruji tupu, hata fundi mwashi akisema ni imara zaidi. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani na inafungia unyevu, kwa hiyo tofali ndilo linalomomonyoka.

Picha za kila tundu, matokeo ya majaribio na michoro ya vifungo vibaki ndani ya jengo. Paa likivuja jirani na kifungo, fungueni dari mkitazame wiki hiyohiyo.