Baridi kali ya Minnesota: hatua nilizompa mtoto wa shangazi aliyekuja na ndala

Mtoto wa shangazi yangu alitua hapa Minneapolis, Minnesota, Marekani, mwezi wa kumi na moja akitokea Tanga, ana koti moja jepesi na ndala mguuni. Nikamuuliza koti zito liko wapi, akanijibu, "Kaka, baridi mi naijua, nimesoma Lushoto miaka minne." Nikanyamaza. Wiki tatu baadae akatoka kutupa taka na ndala zake zile zile, dakika mbili tu, akarudi anarukaruka kama kakanyaga siafu, hapo ndo akakubali tukae chini nimwelekeze. Nayaandika hapa maana kila mwaka kuna mgeni mpya na kila mwaka narudia maneno yale yale kwenye simu nikiwa nimetoka zamu ya usiku na usingizi umenijaa.

Hatua ya 1: Jua kusoma namba

Simu iache kwenye Fahrenheit, usiigeuze iwe Celsius hata kama kichwa kinauma, kwa sababu redio, bosi wako na shule ya mtoto wote wanaongea Fahrenheit. Maji yanaganda kwenye 32. Sifuri ya huku ni kama -18 ya kwetu. Ikishafika -40 vipimo vyote viwili vinakutana, hapo hakuna tena cha kubadilisha.

Afu angalia namba ya pili, ile ya baridi pamoja na upepo, hiyo ndo inayoamua uvae nini. Sifuri Fahrenheit na upepo wa maili 15 kwa saa inakuwa kama -19, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis ilishuka mpaka -28, yaani kama -33 za Celsius, bila kuhesabu upepo, na siku hiyo hata barua hazikusambazwa. Ukiona tahadhari ya hali ya hewa kwenye simu imeandika Watch maana yake kaa chonjo, inaweza kuja. Ikiandika Warning imeshafika au iko njiani, ahirisha safari.

Hatua ya 2: Nguo

Pamba ni adui. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakaa na unyevu kifuani na unaanza kutetemeka ndani ya koti la dola mia tatu. Ya ndani kabisa iwe ya sufu au ile ya kitambaa cha michezo, katikati sweta zito, juu koti la kuzuia upepo. Mitumba ya huku ina makoti mazuri sana, usikubali mtu akupeleke dukani mwezi wa kumi na mbili.

Glavu za vidole vitano sizipendi. Nunua zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja na dole gumba peke yake, zinatia joto zaidi. Buti chukua namba moja juu, maana soksi mbili ndani ya buti la kubana ni mbaya kuliko soksi moja, damu haipiti.

Hatua ya 3: Vitu vya ndani

Chakula cha siku tatu, maji, tochi, pawa benki, dawa zako. Unga unajua mwenyewe kiasi chako. Nenda dukani siku mbili kabla ya dhoruba, siyo jioni ile.

Hatua ya 4: Moto, na hapa sitanii

Umeme ukikatika usiwashe jiko la mkaa ndani. Usilete ndani grili, usiwashe jenereta kwenye besimenti (kile chumba cha chini ya nyumba), usikae ndani ya gari linalonguruma kwenye banda hata kama mlango wa banda uko wazi. Najua utasema kwetu tunafanya. Kwetu pia watu wanakufa, kila msimu wa baridi kule nyanda za juu unasikia familia imelala na jiko na asubuhi hawakuamka, na zile nyumba zina matundu. Za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, kwahiyo hata hiyo hewa mbaya haitoki. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, unahisi kichwa kinauma na usingizi, unajilaza, basi. Texas Februari 2021 umeme ulikatika siku kadhaa kwenye baridi kali, na baadhi ya waliokufa hawakuuliwa na baridi, waliuliwa na mkaa na magari waliyoyawasha wapate joto.

Alamu ya hewa hiyo kwa sheria ya Minnesota inatakiwa iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Bonyeza kitufe leo usikie kama inalia. Kama unapanga na haipo, mwambie mwenye nyumba, na umwandikie meseji ili ushahidi uwepo.

Hita ndogo ya umeme chomeka moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni, na iwe mita moja mbali na pazia na kitanda. Ukilala, izime.

Hatua ya 5: Mabomba ya maji

Hii ndo iliyonitoa jasho kwenye baridi, kwahiyo nivumilie.

Msimu wangu wa pili huku nilikuwa napanga kanyumba ka zamani, sinki la jikoni limebandikwa ukuta wa nje. Nikasema nipunguze bili, nikashusha joto mpaka 50 nikaenda kupiga zamu mbili mfululizo. Narudi asubuhi, nafungua koki nichemshe chai, koki ikafanya ssss, ikadondosha tone moja, ikakata. Nikaona ahaa, imeganda, si kitu, nitaiyeyusha. Nikachemsha maji nikawa namwagia ukuta kwa nje, mwehu mimi, yale maji yenyewe yanaganda yakiwa yanateremka. Nikahangaika karibu masaa nane. Jioni bomba likayeyuka kweli, ila lilikuwa limeshapasuka muda mrefu nyuma ya ukuta na mi sikujua, maji yakaanza kutoka chini ya kabati kama mtu kafungulia mto, na sikujua vali kubwa ya nyumba iko wapi. Nikateremka besimenti na tochi ya simu mdomoni.

Kitu ambacho wengi hawakielewi ni hiki. Maji yakiganda yanavimba, karibu asilimia tisa. Bomba mara nyingi halipasuki pale palipo na barafu, linapasuka kati ya barafu na koki iliyofungwa, kwa sababu maji yaliyobaki pale yanasukumwa na hayana pa kwenda. Na likipasuka huoni chochote mpaka barafu iyeyuke. Kwahiyo siku ya kuogopa siyo siku ya baridi, ni siku inayofuata.

Sasa fanya hivi, kabla:

Tafuta vali kubwa leo hii, siyo siku ya mafuriko. Mara nyingi iko besimenti, ukuta unaotazama barabara, karibu na mita ya maji. Kama ni mkono mrefu, ukilala sambamba na bomba imefunguka, ukikata bomba kama msalaba imefungwa. Kama ni ya kuzungusha, kuifunga zungusha kufuata saa. Izungushe kidogo kila msimu, yangu ilikuwa na kutu imegoma, nikaifunga na spana. Ukikaa ghorofani kwenye apatimenti inaweza isiwepo kwako kabisa, muulize meneja na namba yake ya usiku uiandike kwenye friji. Usiihifadhi kwenye simu tu, simu huwa inazima siku hiyo hiyo.

Mpira wa bustani utoe kwenye bomba la nje mwezi wa kumi. Watu wote wanausahau.

Joto la nyumba liache pale pale mchana na usiku siku za baridi kali. Ukisafiri usishuke chini ya 55, na mi binafsi siendi chini ya 60, hiyo bili ya ziada ni ndogo kuliko fundi bomba wa Jumapili. Kama tatizo ni hela, kampuni za umeme na gesi hapa Minnesota zina kanuni kutoka Oktoba mpaka Aprili, ukipiga simu mkakubaliana malipo ya kidogokidogo na ukayatimiza hawakukatii joto. Ila lazima upige wewe, hawatakupigia wao.

Usiku ikishuka sana, fungua milango ya kabati la chini ya sinki ili joto la chumba liingie (kama una mtoto anayetambaa, zile sabuni na dawa za choo ziondoe kwanza). Afu acha koki ivuje uzi mwembamba, ya moto na ya baridi zote mbili, maana ni mabomba mawili. Ndugu yangu alifungua ya baridi tu akalala akijua kamaliza. Ni koki zile zilizo ukuta wa nje, siyo lazima kila koki ya nyumba.

Na kama limeshaganda:

Kwanza fungua koki. Hilo ndo nililokosea mimi, niliiacha imefungwa. Pili jaribu koki zingine, kama zote zimekauka basi inawezekana tatizo liko kwenye bomba kubwa linaloingia nyumbani, hapo usihangaike, piga simu kwa watu wa maji. Kama ni moja tu, tafuta kipande kilichoganda, pitisha mkono, utakuta sehemu baridi kupita zingine, wakati mwingine ina ukungu mweupe juu yake. Chukua draya ya nywele, anzia karibu na koki ukirudi nyuma pole pole, ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Ukianzia katikati unatengeneza presha. Usisimame kwenye maji ukiwa na draya. Usitumie moto, wala tochi ya gesi ya mafundi, wala jiko. Watu wamechoma nyumba kwa kuyeyusha bomba. Taulo iliyochovywa maji ya moto nayo inasaidia ila ni ya watu wenye subira.

Weka mtu mmoja karibu na vali kubwa wakati unayeyusha. Ukisikia maji yanatiririka ndani ya ukuta, afunge. Bomba likiwa ndani ya ukuta kabisa na hulioni, ita fundi, na usianze kutoboa.

Hatua ya 6: Gari

Tangi lisishuke chini ya nusu. Betri ya zamani ipime mwezi wa kumi, baridi inanyonya nguvu yake vibaya sana, na waya za kubusti ziwe ndani ya gari siyo nyumbani. Maji ya kuoshea kioo nunua yale yasiyoganda kwenye baridi, mi niliwahi kuweka ya bombani, nikabonyeza niko barabarani, kioo chote kikawa barafu.

Kwenye buti la gari weka blanketi, chepe, mchanga au ule udongo wa choo cha paka, chokoleti. Ukikwama kwenye dhoruba kaa ndani ya gari. Buffalo, jimbo la New York, Desemba 2022, kuna waliokutwa wamekufa ndani ya magari na wengine nje kwenye theluji, na ukitoka kutembea wakati huoni hata mkono wako unaweza kupotea hatua chache tu kutoka ulipokuwa. Washa injini kama dakika kumi kila saa, ila kabla ya kuwasha, toka ufukue theluji kwenye bomba la moshi, kila mara, maana likiziba ule moshi unarudi ndani kwako. Dirisha lifungue kidole kimoja, upande usio na upepo.

Ukipaki barabarani Minneapolis, jiji likitangaza snow emergency, yaani dharura ya theluji, kuna zamu ya siku tatu ya upande gani hauruhusiwi. Angalia kila ikianguka theluji nyingi, gari linavutwa.

Hatua ya 7: Mwili

Vipeperushi vya huku vinasema ngozi ikigandishwa inakuwa nyeupe au nyekundu. Kwa ngozi zetu usisubiri wekundu, hautauona. Tafuta sehemu iliyopauka kijivujivu, inang'aa kama nta, ngumu ukiibonyeza, na kubwa zaidi, sehemu iliyokuwa inauma ambayo ghafla imeacha kuuma. Kuacha kuuma siyo nafuu. Gusa ncha ya pua, masikio, vidole. Ingia ndani, chovya kwenye maji ya uvuguvugu, usisugue, usikaribie moto maana huhisi na utaungua. Kama inabaki ngumu au inatoa malengelenge, hospitali.

Mtu akianza kuongea kama mlevi, anajikwaa, anashangaashangaa, hiyo ni baridi imeingia mwilini, piga 911, namba ya dharura ya huku, mvue nguo mbichi, mfunike kifuani kwanza. Pombe usimpe. Wazee ninaowahudumia kazini wengine hawatetemeki kabisa, kwahiyo usitumie kutetemeka kama kipimo.

Hatua ya 8: Kuteleza

Ikishapanda juu ya 32 mchana theluji inayeyuka, usiku inaganda tena na inakuwa kioo cheusi ambacho hukioni. Tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Chumvi ya kawaida ikishuka chini ya 15 haifanyi kazi ya maana, nunua kalisiamu kloraidi au mwaga mchanga tu. Na ndoo yake iweke mlangoni kwa ndani, siyo kwenye banda la gari, maana wakati wa kulifikia banda ndo utakapoihitaji.