Somo: Kunyanyua Suzuki Jimny kwa hela ya kuungaunga

Wakuu, maswali ya kunyanyua Jimny yamekuwa mengi na majibu ni yaleyale, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Somo linahusu Jimny za 1998 hadi 2018: JB23 ya cc 660 yenye tabo na JB43 ya cc 1300, hizi tunazoziagiza Japani zikiwa zimeshatumika. Zote zina ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili, na mikono miwili kila ekseli inayoizuia isiende mbele wala nyuma. Wenye Suzuki nyingine, Escudo na Samurai, soma tu, ila usifunge kitu mpaka ufike kwenye maswali.

Kabla hujamwita fundi, lielewe hili moja: springi hainyanyui difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli. Ukiweka springi ndefu au spesa (pete ya kuongeza juu ya springi), kinachopanda ni chesesi na bodi. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na tairi. Ukienda Ziwa Natron kwa njia ya Engaruka, au ukipita barabara ya udongo mweusi iliyochimbwa na malori, kinachogonga jiwe au kulima lile tuta la katikati ni tumbo la difu. Tumbo hilo linapandishwa na tairi peke yake. Nimeona Jimny zilizonyanyuliwa kwa pesa nyingi, zinapendeza sana kwenye picha, halafu zinakwama palepale zilipokuwa zikikwama zamani.

Tupige hesabu. JB43 inatoka kiwandani na tairi la 205/70R15, ambalo kimo chake ni kama milimita 668. Tairi la 215/75R15 lina milimita 703 hivi. Difu inapanda nusu ya tofauti, yaani karibu milimita 18. Ni kidogo kwa macho, lakini nafasi ya chini ya Jimny ni milimita 190 tu, kwa hiyo umeongeza karibu sehemu ya kumi bila kufungua bolti hata moja ya springi. Na tairi hilo kwa kawaida linaingia kwenye JB43 isiyonyanyuliwa, labda ukate kidogo plastiki ya bampa au usogeze kikinga tope pale linapogusa ukikata kona yote.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ni huu: kwanza rekebisha kilichochoka, pili tairi, tatu springi au spesa. Lengo la somo ni kupanda sentimita 3 hadi 4. Ukivuka 5 unaingia kwenye gharama za kurekebisha pembe za ekseli, na hapo bajeti ya kubana haipo tena.

Hatua ya 1: Kagua kilicholegea

Jimny ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima: ukifika kilomita 60 au 70 kwa saa, ukakanyaga shimo, usukani unaanza kutetemeka kama umeshika mashine ya kusaga. Kunyanyua gari hakuponyi ugonjwa huo, kunauchokoza. Piga jeki mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, angalia beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu linazungukia ukikata kona) au za habu. Shika kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi, rodi inayosukuma magurudumu usukani ukizungushwa. Kisha shusha gari chini, mtu akae ndani azungushe usukani kidogo kidogo huku na huku injini ikiwaka, wewe ulale chini uangalie rodi ya pembeni, ile ndefu inayotoka kwenye chesesi upande mmoja kwenda kwenye ekseli upande wa pili. Ukiona bolti inatembea ndani ya bushi (raba ya kwenye kiungo), bushi imekwisha. Badilisha. Bushi ni rahisi kuliko kipuri kingine chochote kwenye somo hili na ndiyo inayoleta tofauti kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Pima na uandike

Gari tupu, sakafu tambarare, upepo sawa kwenye matairi yote. Pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini maana tairi litakudanganya. Mara nyingi utakuta upande wa dereva uko chini kuliko mwingine, na nyuma pamelala kwa sababu ya kubeba mizigo miaka yote hiyo. Springi mpya za kawaida, zisizo ndefu, zinaweza kukurudishia kimo ulichodhani lazima ununue. Shusha pia keria ya chuma ya juu kama huitumii.

Hatua ya 3: Spesa au springi?

Mwenye hela anunue springi ndefu za sentimita 4 pamoja na shokapu zake, afunge, asiendelee kusoma hatua hii. Sisi wengine tuna spesa.

Spesa nzuri ni pete ya nailoni ngumu au aluminiamu inayokaa juu ya springi, kwenye kikalio chake, na iwe na ukingo unaoizuia isihame. Kwa sababu Jimny ina ekseli nzima, spesa ya milimita 30 inakupa milimita 30. Karakana yoyote ya kuchonga vyuma inaweza kukutengenezea. Wapelekee raba ya juu ya springi kama sampuli, wachonge kwa kipimo chake. Peleka ya mbele na ya nyuma, zisichanganywe.

Usiweke mbao. Usiweke vipande vya tairi vilivyopangwa. Na zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi, ambazo kila gereji inazipenda, ziache: zinaua mizunguko miwili, mizigo yote inahamia kwenye iliyobaki, na springi huishia kukatika. Springi za gari zito zaidi zilizokatwa kwa grainda nazo ni hivyohivyo. Gari litapanda, lakini litakuwa gumu mpaka matairi yanaruka badala ya kushika ardhi.

Hatua ya 4: Kufunga

Anza na ekseli moja, imalize, ndipo uende nyingine. Zuia magurudumu yasiyofanyiwa kazi. Piga jeki, weka stendi mbili chini ya chesesi, siyo chini ya ekseli. Mawe na matofali si stendi, na hapa sitanii. Toa matairi, kisha weka jeki katikati ya ekseli iibebe.

Fungua shokapu chini, pande zote mbili. Mbele, fungua na viungo vya stabilaiza, ile rodi inayozuia gari kulala ubavu kwenye kona. Toa klipu zinazoshika hozi za breki na waya wa ABS kama upo, pamoja na vipaipu vya vakyumu vinavyokwenda kwenye habu za mbele. Sasa shusha jeki polepole huku ukiangalia hozi za breki, maana ekseli ikining'inia kwenye hozi umeiua, hata kama huoni mpasuko. Springi ikilegea inatoka kwa mkono. Ikikataa, fungua rodi ya pembeni upande wa ekseli, utapata nafasi.

Rudisha springi na spesa juu yake pamoja na raba yake ya asili. Zungusha springi mpaka ncha yake ya chini ikae kwenye kitako chake. Ukiisikia inagonga unapoizungusha, hapo ndipo pake. Pandisha jeki, funga shokapu.

Hatua ya 5: Hozi, shokapu na raba za kugongea

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua watu. Gari likiwa bado kwenye stendi, shusha ekseli mpaka mwisho wake, kisha zungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Hozi ya breki lazima ibaki na ulegevu kila mahali. Ikinyooka kama kamba ya nguo, huna haja ya kukimbilia hozi mpya: mara nyingi inatosha kutengeneza kibati kidogo kinachoteremsha ile sehemu hozi inapofungwa kwenye chesesi, sentimita tatu chini, bila kukunja paipu ya chuma kwa nguvu. Kagua pia paipu ya kupumulia ya ekseli. Ikichomoka, ukivuka mto difu inakunywa maji.

Shokapu za kawaida kwa milimita 30 zinafanya kazi, ila ekseli itashuka kidogo kuliko zamani unapopita mahali pa kupinda. Kwa milimita 40 na zaidi nunua ndefu. Usiunge shokapu kwa kuchomelea.

Kama umeweka shokapu ndefu au tairi pana, zirefushe pia raba za kugongea, zile zinazopokea ekseli gari likidumbukia shimoni. Bila hivyo shokapu itafika mwisho kabla ya raba, nayo itapasuka.

Hatua ya 6: Kaza bushi gari likiwa chini

Bolti za mikono na za rodi ya pembeni usizikaze mwisho wakati ekseli inaning'inia. Raba ya bushi imeshikana na chuma. Ukiikaza ikiwa imepinda, itabaki imejipinda maisha yake yote na kupasuka mapema. Teremsha gari, lisukumesukume lilalie kimo chake, ndipo ulale chini ukaze.

Hatua ya 7: Kunyoosha

Rodi ya pembeni ina urefu uleule, gari limepanda, kwa hiyo ekseli imehamia upande mmoja. Ning'iniza uzi wenye nati kwenye ukingo wa fenda, kulia na kushoto, upime umbali hadi tairi. Nusu ya tofauti ndiyo uhamaji. Kwa sentimita 3 ni mdogo, watu wengi wanauvumilia. Ukikukera, nunua rodi ya kurekebisha yenye nyuzi; usikubali ya zamani ikatwe na kuchomelewa.

Usukani nao utakaa upande. Unyooshwe kwa rodi inayotoka kwenye gia boksi ya usukani, siyo kwa kung'oa usukani na kuurudisha. Nenda alaimenti, uombe wakupimie na kasta, yaani pembe ya kingpini kuegemea nyuma. Kisha shusha taa, zitakuwa zinawapiga wenzako machoni.

Baada ya kama kilomita 100 kaza kila kitu upya.

MASWALI

Swali, Moshi: Baada ya kunyanyua, gari linazurura barabarani, kila upepo linakwenda. Alaimenti wanasema iko sawa.

Hiyo ni kasta. Ukinyanyua, mikono ya mbele inaizungusha ekseli na kasta inapungua, usukani unakuwa hauna hamu ya kurudi katikati. Dawa ya bei nafuu ni bushi za kasta, ambazo tundu lake haliko katikati, zinazoingia kwenye mikono ya mbele upande wa ekseli. Zinahitaji presi na ziingie kwa mwelekeo sahihi. Zikigeuzwa, utakuwa umeongeza ugonjwa.

Swali, Nanyuki: Fundi ananiambia niweke shokapu ya usukani kubwa, mtetemo utaisha.

Utajificha, hautaisha. Rudi hatua ya 1. Anza na balansi ya matairi, ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, kisha kingpini.

Swali, Mbeya: Mimi nina JB23. Hesabu ya tairi ni ileile?

Hapana. Yako ina 175/80R16, tayari ni milimita 686 hivi. Ukienda 215/75R15 unanunua ringi na tairi ili upate milimita 9 tu. Tafuta 185/85R16, ina kama milimita 721, inakaa kwenye ringi zako. Ila kumbuka gari lako lina upana usiofika mita moja na nusu. Usilipandishe zaidi ya sentimita 3 kama unapita miteremko ya kulala ubavu.

Swali, Dodoma: Na 235/75R15?

Inapendeza, lakini inataka sentimita 5, kukata bampa, na JB43 itakuwa nzito mlimani mpaka ubadilishe gia za difu. Hata kwa 215/75R15 spidi mita itakudanganya: ikisoma 80, unakwenda 84.

Swali, Tanga: Escudo ya zamani yenye chesesi, niweke spesa hizohizo za milimita 30?

Nyuma sawa, mbele hapana. Mbele kwako kila gurudumu linajitegemea, na springi imekaa kwenye mkono, ndani ya gurudumu. Spesa ya milimita 20 hapo inaleta zaidi ya milimita 20 kwenye tairi. Kinachokufunga ni sivi jointi, viungo vya shafti inayozungusha gurudumu: pembe ikiwa kali, buti za raba zinachanika na jointi inafuata. Mbele weka spesa nyembamba, fanya alaimenti siku hiyohiyo.

Swali, Arusha: Samurai yenye springi za majani (bapa zilizopangwa). Sheki ndefu, vile vibati vinavyoning'iniza ncha ya springi, zinatosha?

Sheki ikiongezeka sentimita 5, gari linapanda kama 2.5 tu, na pembe ya ekseli inageuka. Kwa hela ndogo afadhali majani yakunjwe upya na fundi wa springi, bushi na sheki ziwe mpya kwa kimo cha asili. Kuhamisha ekseli iende chini ya springi kunapandisha sentimita 12 na zaidi, lakini ni kazi ya kuchomelea vikalio na kubadilisha rodi za usukani. Si ya somo hili.

Swali, Iringa: Nabeba zana na madumu ya maji nyuma kila siku. Spesa itanisaidia?

Spesa haiongezi nguvu ya springi. Ukipakia, gari litalala kama zamani, tofauti ni kwamba limeanzia juu. Wewe nunua springi nzito za nyuma peke yake, pakia mzigo wako wa kawaida, upime kona zote nne, ndipo umchongeshee fundi spesa za mbele za kusawazisha.